Kitulo msimu wa maua: lala Matamba, achana na safari ya siku moja

Mvua zikishakolea, kuanzia Desemba hivi, Mbeya mjini huanza kuuzwa safari za Hifadhi ya Taifa ya Kitulo "kwenda kuona maua". Nyingi ni za siku moja: kutoka alfajiri, chakula cha mchana ndani ya boksi, kurudi usiku. Hapa tunaipima safari hiyo dhidi ya ile ya kulala usiku mmoja Matamba, kijiji chenye ofisi ya hifadhi. Hifadhi yenyewe inastahili kila shilingi utakayotoa. Safari ya siku moja ndiyo isiyostahili, kwa sababu sehemu kubwa ya ulicholipia unaimaliza ukiwa umeketi kwenye gari.

Piga hesabu ya saa. Ukitoka Mbeya saa kumi na mbili asubuhi, malori ya barabara kuu ya Dar es Salaam na vibao vya mwendo wa 50 vinakufikisha Chimala karibu saa mbili. Hapo ni takriban kilomita 80. Kupanda hadi Matamba ni saa nzima kama njia imekauka, na zaidi kama kuna tope. Ofisini utapoteza nusu saa. Kufika juu kwenye uwanda ni mwendo mwingine. Kwa hiyo ukikanyaga majani ni saa nne na nusu hivi, na msimu wa mvua mawingu huanza kufunga kuanzia saa sita. Dereva naye atataka muanze kushuka saa nane ili kona zisimkute gizani, na hapo dereva ana haki. Ukitoa muda wa kula, umebakiwa na saa tatu hivi za kutembea, tena wakati ambao ndege wameshatulia na upepo umeanza. Aliyelala Matamba anakuwa juu saa moja na nusu asubuhi, na ana saa tano kabla ya mvua.

Hesabu hiyo ina uzito kwa sababu Kitulo haitazamwi kupitia dirisha la gari. Iliwekwa rasmi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikiwa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ina kilomita za mraba 413 hivi, juu ya uwanda wa mita 2,600 kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone. Udongo wake umetokana na volkano, mvua ni nyingi, na baridi ni kali. Imeorodheshwa mimea yenye mishipa ipatayo aina 350, na kati ya hiyo orkidi za ardhini ni aina 45. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Lakini bustani hiyo ina urefu wa kifundo cha mguu hadi kiuno, na ua la thamani kuliko yote linaweza kuwa dogo kama ukucha. Anayetaka tembo na simba aende Ruaha kupitia Iringa. Huko gari lina kazi yake. Juu Kitulo utakutana na swala wadogo wadogo na tohe ukibahatika, na si hao wanaobeba safari.

Barabara ziko mbili kwa mtu wa Mbeya. Ya kwanza ni hiyo ya Chimala, inayopanda ukingo wa milima kwa kona ambazo idadi yake ndiyo iliyoipa jina: Hamsini na Saba. Kutoka tambarare ya Usangu hadi uwanda unapanda zaidi ya mita 1,000, na masikio yataziba njiani. Hii ni kazi ya gari linalovuta magurudumu yote manne na lililo juu. Noah ya kukodi hupanda siku ya jua, halafu mvua ya mchana ikinyesha ukiwa juu, kushuka kunakuwa hatari. Kosa linalojirudia kwenye mteremko huu ni dereva kukaa juu ya breki. Kona zinafuatana bila nafasi ya breki kupoa, zinapata moto, na pedali inalegea. Ishushwe kwa gia namba moja au mbili, breki iguswe kwa vipindi. Kama unakodi gari, muulize dereva kabla ya kulipa ameshashuka Hamsini na Saba mara ngapi wakati wa masika. Jibu la kusitasita linatosha kukufanya utafute mwingine.

Njia ya pili inapitia Uyole, kisha barabara ya Tukuyu hadi Isyonje, halafu unakata kushoto na kupanda mgongo wa Poroto katikati ya mashamba ya viazi mviringo na pareto. Mteremko wake si mkali kama wa Chimala na mandhari yake ni mazuri mno. Tatizo lake ni malori ya viazi: wakati wa mvua yanachimba mifereji ambayo gari fupi linakalia tumbo. Njia hii inakuleta uwandani upande wa shamba la ng'ombe wa maziwa la Kitulo bila kupita Matamba, kwa hiyo anayetaka kushughulikia malipo na mwongozaji ofisini itabidi apange mapema. Kwa mtu anayeanzia Tukuyu, au mwenye watoto wadogo wasioweza kulala kwenye baridi, hii ndiyo njia pekee inayofanya safari ya siku moja iwe na maana kidogo.

Ratiba tunayoipendekeza inakwenda hivi. Ondoka Mbeya saa tatu asubuhi, sio alasiri, ili Hamsini na Saba uimalize kabla ya mvua ya mchana. Ukifika Matamba usiingie hifadhini siku hiyo. Nenda ofisi ya hifadhi, panga mwongozaji wa kesho, kisha zunguka kijijini taratibu mwili uzoee hewa. Mtu aliyetoka Mbeya, ambako ni mita 1,700 hivi, hapati shida kubwa. Aliyetoka Dar es Salaam jana yake anaweza kuumwa kichwa na kuhema akipanda kilima kidogo. Dawa ni maji, chai na mwendo wa pole. Pombe ya usiku huo inaharibu asubuhi ya kesho.

Kwa kuwa unalala nje ya hifadhi, kiingilio unalipa kwa siku moja tu, ya pili. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea wakidhani siku mbili ni gharama mara mbili. Kinachoongezeka ni gesti ya usiku mmoja na posho ya dereva. Gari likigawanywa na watu wanne au watano, tofauti inavumilika. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa kontrol namba, kwa hiyo mtandao ukisumbua mlimani utasubiri. Anza kuulizia ungali Mbeya. Mtanzania abebe kitambulisho cha NIDA, maana bei ya raia na ya mgeni hazikaribiani.

Gesti za Matamba ni za kawaida: kitanda, blanketi, ndoo ya maji ya moto ukiomba mapema. Usafi tunaupa alama nzuri, joto alama ya chini. Beba blanketi la pili au begi la kulalia, na soksi kavu za usiku ambazo hutazivaa mchana. Chakula ni cha watu wanaolima: viazi, ugali, maharage, mboga za majani, nyama ikipatikana. Usitegemee kifungua kinywa saa kumi na moja alfajiri. Usiku uliotangulia omba wakuchemshie mayai na wakupikie chapati, na chupa ya chai ijazwe kabla mama wa jikoni hajalala. Salamu ya "kamwene" itakufungulia milango mingi kuliko bei ya juu.

Sasa mwongozaji, ambaye ndiye roho ya huduma hii. Mwongozaji mzuri wa Kitulo anatembea polepole, anasimama kila baada ya hatua chache, na anajua wiki hii maua yamefika wapi. Maua hayachanui uwanda mzima kwa pamoja: penye kinamasi kuna yake, kwenye mteremko wa mawe kuna yake, na kilichokuwa kimejaa wiki mbili zilizopita kinaweza kuwa kimeshakuwa mbegu. Kwa hiyo muulize jioni: "Kesho tunatembea saa ngapi, na sasa hivi kumechanua wapi?" Akijibu kwa kutaja mabonde na vilima, uko mikono salama. Akijibu kwa kutaja mahali pa kupigia picha tu, sema unataka kutembea. Kilomita sita hadi nane kwa saa tano zinatosha kabisa. Anayekimbiza kumi na tano anakufanyisha mazoezi. Watu wasizidi wanane kwa mwongozaji mmoja, la sivyo wa nyuma hawasikii kitu na wanakanyaga walichokuja kuona.

Kwenye orkidi, jifunze kutazama nyuma ya ua, usiishie kutazama uso wake. Majina ya kitaalamu yanatisha, lakini makundi matatu makubwa unaweza kuyatenganisha kwa kuhesabu mirija, yaani vile vijimkia vyenye mbochi, ule utamu wa majimaji wa ua. Satyrium ina kofia juu, na nyuma ya kofia mnaning'inia mirija miwili. Disa nayo ina kofia, ila mrija wake ni mmoja. Habenaria mrija wake unaanzia chini, kwenye mdomo wa ua, na maua yake mara nyingi ni ya kijani au meupe, petali zikiwa zimegawanyika kama nyuzi. Ukishayajua haya matatu, uwanda unaacha kuwa zulia la rangi na unaanza kusomeka. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 ndiyo kifaa chenye faida kubwa kuliko kamera ya bei mbaya. Ishike karibu na jicho, kisha sogeza kichwa kuelekea ua mpaka lionekane wazi. Ukiishika mbali na jicho kama kioo cha mpelelezi huoni kitu. Na usilivute ua lije kwako.

Mbali na orkidi kuna Kniphofia, yenye kichwa cha manjano na machungwa kama mwenge uliowashwa, ambayo haihitaji lenzi. Simama hatua kumi kutoka kwenye kundi lake asubuhi na subiri kimya robo saa: chozi watakuja kunywa mbochi, na dume wa kijani anayeng'aa ni wa kukusahaulisha baridi. Kuna lobelia kubwa, protea, geranium, na maua ya jamii ya alizeti yasiyo na hesabu. Vichakani kagua matawi kwa utulivu, kwa sababu milima hii ina vinyonga wake, akiwemo kinyonga wa Ukinga asiye na pembe. Usimshike. Mikono yenye mafuta ya jua au dawa ya mbu si rafiki wa ngozi yake.

Kwa wapenda ndege, Kitulo ina wawili wanaostahili safari peke yao. Wa kwanza ni tandawala wa Denham, ndege mkubwa wa ardhini anayetembea nyasini kama mzee mwenye mawazo. Dume akitaka jike huvimbisha shingo na kifua mpaka anaonekana mpira mweupe kutoka mbali. Mtafute asubuhi mapema kwa kuchambua miteremko kwa darubini kabla ya kuanza kutembea. Ukishaanza kutembea yeye amekuona zamani. Wa pili ni mbayuwayu bluu. Huyu yuko hatarini kutoweka duniani, na nyasi za milimani kama hizi ndiko anakozaliana wakati wa mvua, akitengeneza kiota ndani ya mashimo ya ardhini, yakiwemo yaliyochimbwa na muhanga. Mvua zikiisha anahamia kaskazini, kuelekea ukanda wa Ziwa Victoria. Ni bluu iliyokoza mwili mzima, bila tumbo jeupe, na manyoya ya nje ya mkia ni marefu kama nyuzi. Hilo la tumbo ndilo la kushikilia, kwa sababu miezi hiyo hiyo anga la Kitulo lina mbayuwayu wa Ulaya pia, mwenye tumbo jeupe na koo jekundu. Hao wa Ulaya huondoka kwetu kuelekea Aprili, na kule Uingereza kuonekana kwao huchukuliwa kuwa dalili kwamba majira ya kuchipua yamefika. Watu husafiri kwenda mashambani kuwatazama. Sisi tunakaa nao miezi yote ya masika na wengi wetu hatunyanyui kichwa.

Darubini ya 8x32 au 8x42 inatosha. Ya 10 inatikisika kwa upepo wa uwandani. Usiitoe kwenye ukungu wa baridi ukaiingiza moja kwa moja ndani ya gari lenye joto na unyevu, vioo vitajaa mvuke na utapoteza dakika kumi za thamani. Kwa picha za simu, adui ni upepo: kaa upande unakotoka upepo, mwili uwe ukuta, subiri ua litulie, piga tano uchague moja. Usilale juu ya maua mengine ili upate picha ya ua moja. Tumeona viwanja vilivyolazwa namna hiyo na inauma.

Mavazi ndiyo sehemu ambayo safari nyingi zinaharibikia. Majani ya saa moja asubuhi yana umande kama mto, hivyo raba zitalowa ndani ya dakika tano. Vaa gambuti, na ndani yake soksi mbili. Suruali ya jinzi ikilowa haikauki na inakunyonya joto siku nzima. Vaa kitambaa chepesi. Sweta zito la mitumba na koti la mvua linalofika magotini utavipata soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini, kwa bei ya kawaida, na vitakusaidia kuliko koti la fasheni. Mwavuli usibebe, upepo wa Kitulo unaugeuza mara ya kwanza tu. Halafu kofia na mafuta ya jua, hata kukiwa na mawingu, kwani kwenye urefu huu jua linachoma kupitia mawingu na utaligundua jioni.

Radi ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito. Uwanda karibu hauna miti, kwa hiyo kitu kirefu kuliko vyote ni wewe. Ukisikia ngurumo, shuka kutoka mgongo wa kilima mara moja, elekea kwenye gari na kaa ndani madirisha yakiwa yamefungwa. Usijibanze chini ya mti ulio peke yake. Kundi litawanyike, kila mtu mbali na mwenzake. Mwongozaji anayesema "bado iko mbali, tumalizie kile kilima" asisikilizwe kwa hilo.

Lipo jambo jingine ambalo mgeni anaweza kulikanyaga bila kujua: vishimo vidogo vilivyofukuliwa kwa jembe au kijiti. Orkidi za ardhini huwa na viazi viwili chini, kimoja kilichochakaa kinacholisha shina la mwaka huu, na kipya kilichojaa kwa ajili ya mwaka ujao. Mchimbaji anataka kipya, kwa kuwa ndicho kigumu na chenye wanga, na akikichukua mmea umekwisha. Viazi hivyo huvushwa kwenda Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chikanda. Biashara hiyo ndiyo iliyokuwa moja ya sababu kubwa za kuilinda Kitulo. Ukiona vishimo vibichi mwonyeshe mwongozaji na umsaidie kukumbuka mahali. Na ukikutana sokoni na mtu anakuuzia "kiazi cha ua la Kitulo ukapande nyumbani", usinunue: orkidi hizi zinategemea kuvu wa udongo wa kule, na bustanini kwako Mbeya, iwe mtaa wa Forest au Uyole, zitaoza.

Kuhusu mwezi: TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, wenyewe wanaelekeza Desemba hadi Aprili kwa maua, na Septemba hadi Novemba kwa wanaotaka kutembea kwenye jua wakikubali maua machache. Tunakubaliana nao. Kwa anayetafuta orkidi, Februari na Machi ndiyo miezi ya kwanza kufikiria. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu mtupu, na safari ya maua inayouzwa miezi hiyo si ya kununuliwa, hata kama picha za tangazo ni nzuri.

Baadhi ya waandaaji huongeza kwenye karatasi ya safari hiyo hiyo "na kumwona kipunji". Kataa. Kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 na kumtangaza mwaka 2005, haishi kwenye nyasi za maua. Anaishi kwenye misitu ya Livingstone na Mlima Rungwe, juu ya miti, na msitu huo una utelezi, mwinuko na ukimya wake. Sauti yake, mbweko mzito kama honi, mara nyingi ndiyo utakayoipata kwanza, na pengine peke yake. Hiyo ni kazi ya siku nyingine, na mwongozaji wa msitu, na kuanza kutembea kabla hakujakucha.